Mpiga mbiu wa misiba anayezichambua programu za simu

Ukungu wa Mlima Tossa bado umeyalalia mabati ya Dessie wakati Asnake Yimam anapofungua mlango wake, anajizungushia gabi, lile shuka zito la pamba, hadi masikioni, na kupanda taratibu hadi kona ya juu ya mtaa. Anasubiri kengele ya kanisa inyamaze. Anasubiri adhana ya msikiti wa bondeni imalizike. Kisha anaiweka tarumbeta mdomoni, mashavu yanavimba, na mbwa wote wa mtaa wanaamka kwa hasira.

"Ato Demissew Hussien! Fundi viatu! Ametutoka jana jioni!" anatangaza, akimpa marehemu heshima ya Ato, yaani Bwana, kwa sauti ambayo huwezi kuamini inatoka katika kifua kile chembamba. "Mazishi saa sita mchana! Kila nyumba mtu mmoja! Mabenchi yatoke stoo kabla ya saa tatu!"

Dirisha linafunguka na mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani anachungulia, akimwita Gashe kama waitwavyo wazee.

"Gashe Asnake, ni yule Demissew wa karibu na kinu?"

"Ndiye, mama."

"Maskini wa Mungu! Na kiatu changu kimoja kiko kwake!"

"Utakiulizia baada ya arobaini," anajibu Asnake, na kuendelea na kona inayofuata.

Huyo ndiye mpiga mbiu wa chama cha kuzikana cha mtaa huu, chenye nyumba mia nne na ushee, Wakristo na Waislamu pamoja. Kazi yake ni kutangaza misiba na kutunza stoo ya mahema, mabenchi na masufuria. Ana umri wa miaka sitini na moja, mguu wa kushoto unaomsumbua wakati wa mvua, na mshahara wa birr elfu nne kwa mwezi, ambao mkewe Etagenyehu anasema unaisha kabla haujapoa.

Lakini wengi wanaomfahamu Asnake hawajawahi kuisikia tarumbeta yake. Wanamjua kwa kazi nyingine kabisa. Kila Jumamosi, kwa miaka minne sasa, anajaribu huduma moja mpya ya mtandaoni, programu ya simu au kituko chochote kilichozuka huko, kisha anaketi na kuisema. Chaneli yake ya Telegram ina wasikilizaji zaidi ya elfu tisa. Hawasomi kitu humo. Wanasikiliza tu.

Leo ni Jumamosi. Saa nne kasoro, mabenchi yakiwa yameshaondoka, anajifungia stoo, anavuta sufuria moja kubwa la mchuzi ambalo halijahitajika, anaiegemeza simu ndani yake na kuinama mpaka kichwa kinapotea.

"Humu ndani sauti inakuwa ya mtu mwenye mali," anasema kutoka huko ndani. Kisha anakohoa na kuanza.

Leo zamu ni ya programu inayoandika salamu za rambirambi. Asnake aliiambia kwamba jirani yake amefiwa na jogoo, akataka kuona itafanya nini.

"Watu wangu, imelia!" anawaambia wasikilizaji wake. "Imelia kurasa mbili. Imesema jogoo yule alikuwa nguzo ya jamii. Inalia vizuri, siikatai. Inalia kumpita mjane. Lakini sisi huku tukimwona mtu msibani analia kumpita mjane, huwa tunamwangalia mara mbili na kuuliza alikuwa na nini na marehemu."

Nje ya mlango, Etagenyehu anayepepeta shayiri ya kukaanga anacheka peke yake. Yeye huuza shayiri hiyo kwa vipimo vya kikombe kando ya kituo cha mabasi, na wateja wake humwuliza habari za chaneli kabla ya kuuliza bei.

Yote yalianza na simu. Mwanawe wa pekee, Bisrat, anayefanya kazi katika ghala la mboga huko Calgary, alimtumia baba yake simu nzuri na kumsihi ajaribu hiki na kile ili wawe wanaonana kwa picha. Baba akajaribu. Kisha akaanza kumtumia mwanawe ujumbe wa sauti kueleza alichokutana nacho, ujumbe mrefu, wenye kuguna na kusonya, na Bisrat akawa anawasikilizisha wenzake ghalani hadi wanaishiwa mbavu. Ni Bisrat aliyeifungua chaneli ile.

"Kabla ya tarumbeta nilikuwa utingo wa lori la safari za Mille kwa miaka mingi," anasema Asnake. "Utingo anaona kila kitu na haulizwi maoni. Sasa naulizwa."

Na maoni anayo. Kuhusu huduma ya teksi inayomtaka abiria ampe dereva nyota, alisema: "Dereva aliyekuja ni Habtamu. Mama yake nilimtangaza mimi. Nikiwa na homa ya matumbo ni yeye aliyenibeba mgongoni. Leo nimpe nyota ngapi? Nimempa tano, nikashuka kwa aibu."

Kuhusu programu ya benki iliyomkatalia tarehe yake ya kuzaliwa, kwa sababu alizaliwa Pagume, ule mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu, alisema: "Imeniambia mwezi huo haupo. Nikaikubalia. Kumbe miaka yote hii nimeishi bure bila kuzaliwa, na bado nalipa kodi ya pango."

Chaneli haimpi fedha za maana. Kampuni moja ya taa za jua iliwahi kumlipa aisifie taa yake, naye akasema inawaka kama mtu anayefikiria jambo. Hawakurudi tena.

Kwa hiyo, Dewel ilipokuja mtaani, watu walikaa mkao wa kula.

Dewel, yaani kengele, ni programu iliyotengenezwa na Mahlet Getu, binti wa mtaa huu huu aliyesomea mambo ya kompyuta na kurudi nyumbani. Mwenyekiti wa chama, Ato Tefera Muhye, anaandika tangazo, anabonyeza, na simu za wanachama wote zinalia kengele ya shaba. Misiba, vikao, zamu za kusafisha mtaro, vyote humo. Kwa lugha nyepesi, ilikuwa imekuja kuchukua kazi ya tarumbeta.

"Tulijua ataichana," anasema Ato Tefera. "Hata Mahlet alijua."

Asnake hakuichana. Alisema ina sauti nzuri. Alisema nusu ya vijana wa mtaa wamehamia kwenye maghorofa mapya ng'ambo ya mji, tarumbeta haifiki huko, na mtu asikose mazishi ya shangazi yake kwa sababu mapafu ya mzee mmoja yamechoka. Kisha akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemtuma kuyasema: "Na nyinyi wa mtaa huu mlioko Beirut, Riyadh, Calgary, jiungeni. Mlie nasi, mcheke nasi."

Walijiunga. Walijiunga kwa furaha ya watu waliokosa harufu ya kwao.

"Baba Bisrat," mkewe alimwambia jioni ile, "nimeona watu wakichimba makaburi yao, lakini wewe kaburi lako umelipigia debe kabisa."

"Nitalala asubuhi, mke wangu. Hujui nina usingizi wa miaka ishirini na kitu."

Mwezi wa Hidar, yaani Novemba kuelekea Desemba, mwaka jana, siku ya Alhamisi alasiri, alifariki Etete (yaani Mama) Alemitu Seid, mjane aliyekuwa akisokota pamba barazani, akimjua kila mtoto wa mtaa kwa jina na kwa kosa lake. Alikuwa na binti mmoja tu, Fanaye, mtumishi wa ndani huko Beirut. Fanaye hakuwa amefika nyumbani kwa miaka sita.

Hapa kwetu mtu hapashwi habari ya kufiwa kwa simu. Hilo halina mjadala. Wanatafutwa watu wa kwao walio karibu naye, wanakwenda kwake asubuhi na mapema kabla hajaingia katika shughuli zake, wanaketi, mmoja analisema, na wengine wamemzunguka ili akianguka aangukie mikononi. Kwa Fanaye, mtu wa kwao alikuwa Tsige, mwanamke wa Dessie mwenye chumba chake cha kupanga huko huko Beirut. Tsige alishapigiwa. Fanaye hupata nafasi ya kutoka Jumapili tu. Basi ingekuwa Jumapili.

Jioni ile ya Alhamisi, uani kwa marehemu, Ato Tefera alibonyeza simu yake kwa kidole gumba na kuiweka mfukoni kwa madaha.

"Tayari," alimwambia Asnake. "Imewekwa ilie alfajiri, saa ile ile ya tarumbeta yako. Mahlet ameipanga hivyo kwa heshima yako. Leo nenda ukalale kama waziri."

Asnake akaenda nyumbani. Anasema alikuwa na huzuni ya Alemitu upande mmoja wa kifua, na upande wa pili, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha ya kulala. Etagenyehu alikuwa ametandaza injera na mchuzi wa shiro. Walipoanza kula, mkewe akasema, akiwa anafuta machozi:

"Na yule mtoto masikini! Juzi tu kanitumia sauti. Anasema Dewel imemwita kwenye kusafisha mtaro, kengele ikalia yuko jikoni kwa bosi wake Beirut, akacheka mpaka akamwaga maziwa."

Asnake aliuacha mkono hewani na tonge lake.

"Fanaye yumo kwenye Dewel?"

"Si wewe uliyewaambia wajiunge?"

Anasema hajawahi kusikia baridi ya namna ile, na Dessie si mji wa kusimuliwa baridi. Aliiona akilini simu ya Fanaye juu ya meza ya jikoni ya watu wengine, binti yuko peke yake, mikono ina sabuni, kengele ya shaba inalia, na jina la mama yake limeandikwa pale.

Alimpigia Mahlet. Mtandao ulikuwa umekatika, kama ilivyo desturi yake mvua ikikaribia. Akachukua gabi lake na kushuka mteremko wote hadi kwa wazazi wa binti yule, mguu wa kushoto ukimlaani kila hatua. Giza lilikuwa linaingia.

"Gashe, kuna nini? Mbona unahema hivyo?" Mahlet alimvuta ndani.

"Izime. Izime hiyo kengele yako, mwanangu."

Alipomweleza, Mahlet alishika kichwa. Anasema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba aliitengeneza Dewel akiwafikiria watu wanaoweza kubeba benchi. Walioko ng'ambo hawakuwamo katika hesabu zake kabisa.

"Nani aliwaingiza wa nje?" aliuliza.

"Mimi."

Mahlet hakumlaumu, na Asnake anamshukuru hadi leo kwa hilo. Akafungua kompyuta yake. Akasema anaweza kuliondoa jina la Fanaye peke yake, ni kazi ndogo.

"Na hao wengine wa Beirut?" aliuliza Asnake. "Wale wasichana wanaandikiana kutwa. Mmoja akiona, ataandika pole kabla hajakaa kitako. Watu wa mtandaoni wana mashindano ya nani kusema pole wa kwanza, mimi nawajua, nimewasema mara ngapi."

"Basi niizime yote?"

"Yote."

"Halafu walio kwenye maghorofa watasikiaje, Gashe? Tarumbeta haifiki kule. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nitaifikisha. Kwani nimekufa mimi?"

Mtandao uliporudi, Mahlet akaizima. Mama yake akaleta kahawa, na Asnake akalazimishwa kunywa vikombe vyote vitatu, maana katika mtaa huu hata moto ukiwaka nyumba ya pili utaambiwa umalizie cha tatu.

Alfajiri ya Ijumaa alipiga mbiu kama hajawahi. Kila kona aliposimama, baada ya jina la Alemitu na saa ya mazishi, aliongeza: "Binti yake Fanaye hajaambiwa! Ataambiwa Jumapili na watu wake! Asiandike mtu! Asibandike mtu picha! Simu zenu zifunge midomo hadi Jumapili!"

Alipomaliza mtaa, Habtamu wa teksi alikuwa anamngoja na injini inanguruma. Wakavuka mji hadi kwenye maghorofa. Asnake alisimama katikati ya uwanja wa kuegeshea magari, akapuliza, na balkoni zikajaa watu wenye nguo za kulalia.

"Mzee, una wazimu? Hapa watu tumelala!" kijana mmoja alifoka kutoka juu.

"Nyamaza wewe, huyo ni wa kwetu!" sauti ya mwanamke ikamkata kutoka ghorofa ya nne. Kisha ile sauti ikauliza, polepole kabisa, "Gashe... ni nani?"

Alipomwambia, kilio kikaanzia pale, kikapita balkoni hadi balkoni, na hata yule kijana akashuka kuuliza mazishi ni saa ngapi.

Kisha mtaa ukanyamaza. Asnake, ambaye kwa miaka minne amekuwa akiwacheka watu wa mtandaoni kwamba hawawezi kula yai bila kulipiga picha, anasema hakuamini macho yake. Nyumba mia nne, sijui vijana wangapi wenye simu mkononi, na hakuna aliyeandika neno. Mchafuzi alikuwa mmoja tu, na alikuwa mwenyekiti. Ato Tefera, kwa majonzi ya kweli kabisa, aliitoa picha yake ya wasifu mtandaoni na kuweka ile ya mshumaa unaowaka kwenye giza, kama wafanyavyo watu siku hizi.

"Ilikuwa Ijumaa mchana, tumetoka makaburini," anakumbuka Mahlet. "Nikamwona Etete Etagenyehu anakatiza hema zima anakimbia, anapiga kelele, 'Ato Tefera! Zima mshumaa! Zima mshumaa wako!' Wageni wakaanza kutafuta moto uko wapi."

Ato Tefera anasema hataki kulizungumzia jambo hilo.

Ikabaki Jumamosi, na Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu. Fanaye husikiliza chaneli kila Jumamosi akiwa anapiga pasi nguo za nyumba ile, na kila Jumamosi hutuma jibu. Asnake hajawahi kukosa hata wiki moja.

"Nilimwambia mume wangu, usiporusha leo, atajua," anasema Etagenyehu. "Atapiga simu kuuliza kama unaumwa, na nani atampokea? Mimi? Mimi siwezi kumdanganya mtu kwa sauti. Naanza kulia kabla ya habari za asubuhi."

"Nilimwambia siwezi," anasema Asnake. "Nimchekeshe mtoto, mama yake ana siku moja kaburini? Nilimwambia hiyo ni dhambi. Akaniambia, basi kaichukue, utatubu wiki ijayo."

Masufuria yote yalikuwa jikoni msibani yakipika chakula cha waombolezaji. Asnake akaingiza simu, na kichwa chake, katika pipa la maji lililokauka nyuma ya stoo. Akazungumzia programu inayopima usingizi. Hakuwa amelala kwa siku mbili, na programu ilimpa alama tatu kati ya mia.

"Imeniuliza kama nina mtoto mchanga," aliwaambia wasikilizaji wake. "Nikasema hapana. Imeniuliza kama mimi ni mlinzi. Hapana. Imeniuliza kama nina uhakika kwamba simu hii haijaibiwa na bundi."

Hemani, simu ilipitishwa mkono kwa mkono. Watu walisikiliza wakiwa wamefunika midomo kwa ncha za shuka zao, mabega yakitikisika, na hukuweza kujua nani anacheka na nani analia.

Jibu la Fanaye lilifika saa tano. Kwanza kicheko kirefu, nyuma yake mvuke wa pasi ukisikika. Kisha akasema: "Gashe, utaniua! Mwambie mama nitampigia kesho nikitoka kanisani, asitoke nyumbani."

Asnake alilisikiliza akiwa amekaa chini, mgongo kwenye pipa. Alilia pale, anasema, kilio cha mtoto mdogo, na hakujali ni nani amemwona.

Jumapili, mapema, Tsige alimwita Fanaye chumbani kwake kabla ya kanisa. Walikuwa wanawake tisa wa Wollo, mkoa wetu, wamebanana kitandani na sakafuni, kahawa iko motoni. Walimzunguka, wakamwambia, wakamshika.

Wiki mbili zilipita bila neno. Asnake aliendelea na Jumamosi zake, lakini anakiri zilikuwa dhaifu. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, ambao Fanaye amekubali uandikwe hapa.

"Gashe Asnake, nilikukasirikia sana," anasema humo. "Nilisema, mzee huyu kanichekesha mama yangu akiwa ndani ya udongo. Nilitaka kujitoa kwenye chaneli yako. Halafu nikaisikiliza tena ile ya bundi. Nikajikumbuka ninavyopiga pasi, ninavyocheka, ninavyopanga nitamwambia nini mama kesho. Siku ile yote nilikuwa na mama bado. Nyinyi wote mlikuwa mmeshampoteza, mimi nilikuwa naye. Mmenipa Jumamosi moja ya bure. Mungu awape afya."

Dewel imerudi kazini, na Asnake ameizungumzia tena, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Mahlet ameiongezea kitu. Sasa mwenyekiti akiandika tangazo la msiba, kabla halijatoka programu inamwuliza: nani bado hajaambiwa, na nani atakwenda kumwambia? Ikiwa yuko mtu, kengele haitoki nje ya mji, wa nyumbani wanakumbushwa kufunga midomo, na tarumbeta inapanda kilimani. Mahlet anasema vyama viwili vya mji jirani wa Kombolcha vimeshaomba kuitumia.

"Mara ya kwanza niliisifia kwa sauti yake," Asnake alisema Jumamosi hiyo. "Sikuiuliza kama inajua kunyamaza. Kosa ni la mchambuzi, si la kengele."

Kuna sehemu nyingine mpya pia. Kila mwanachama anaweza, akiwa bado hai na mzima, kuandika nani aambiwe siku yake ikifika, na kwa namna gani. Wa kwanza kuijaza alikuwa Asnake mwenyewe. Ameandika jina la Bisrat, Calgary. Ameandika majina ya watu watatu wa Dessie wanaoishi huko, na kwamba wakaribie asubuhi, wakiwa wamekula, kwa sababu Bisrat ni mzito wa kumshika. Chini yake ameandika: "Nikifa katikati ya wiki, mwacheni apate Jumamosi yake kwanza."

Na ili Jumamosi hiyo isiwe kimya, ameshairekodi. Aliirekodi mwezi uliopita stoo, ndani ya sufuria lile zuri, akamkabidhi Mahlet aitunze. Haina tarehe. Inazungumzia huduma ambayo anasema haitapitwa na wakati, lakini hataki kuitaja jina.

"Nakueleza wewe kwa sababu gazeti lako halifiki Calgary, Bisrat hawezi kulisoma," anasema, akiwa ameridhika na nafsi yake kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba. "Natumaini itakaa sana kwa Mahlet. Natumaini ichakae huko. Lakini ipo."

"Inachekesha?" anaulizwa.

Anamgeukia mkewe, msikilizaji pekee aliyeisikia. Etagenyehu ameacha kupepeta shayiri, ungo uko magotini.

"Nilicheka mpaka nikashika ukuta," anasema. Kisha anamtazama mumewe. "Lakini Baba Bisrat, siku hiyo mimi nitakuwa nimekaa hemani, na simu itapitishwa, na itanifikia. Nikicheka mbele za watu watasemaje?"

"Cheka," Asnake anamwambia. "Na wao waambie nimesema wacheke."